Kona ya Njano

Mama mkwe aliingia kukagua nyumba inavyopakwa chokaa kabla ya Ramadhani, na Ghizlani hakuwa na pa kuificha ndoo ya rangi ya njano.

Mji mzima wa Chefchaouen, kule Moroko, hupakwa buluu. Yeye alikuwa ameipaka njano kona moja tu, yenye meza ya binti yake, ambaye tangu wenzake walipomcheka darasani hakutaka tena kusoma kwa sauti. Rangi aliichagua mtoto mwenyewe.

"Mke wa mwanangu," bibi akasema, "huu ukuta umekukosea nini hata ukauvunjia mayai?"

"Mama, nilitaka tu mtoto..."

"Kesho nakuja na buluu. Majirani wakiona hivi, watasema mwanangu kaoa kichaa."

Rangi ilimchuruzika Ghizlani mpaka kwenye kiwiko. Hakuifuta.

Ndipo wakasikia kisauti. Mtoto alikuwa ameketi mezani, kidole chini ya mstari, anasoma. Alikwama, akarudi nyuma, akasonga mbele.

Bibi alisikiliza mpaka ukurasa ukaisha. Kisha akakunja mikono ya jilaba lake.

"Lete brashi," alinong'ona. "Huku chini umeruka, mvivu wewe."