Swali la Mara ya Pili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kidole gumba cha Mwanaidi kilikuwa kikibonyeza paja lake chini ya meza ya usaili kana kwamba kinasimamisha simu, ingawa simu yenyewe aliiacha mlangoni.

Msaili alikuwa amemuuliza kwa Kiingereza kwa nini anataka kuongoza wageni kwenye michoro ya mapangoni. Mwanaidi alielewa kila neno. Kisha akafungua kinywa na kulirudia swali lote kwa sauti ileile, pamoja na kikohozi alichokohoa msaili katikati.

Kalamu ya msaili ikasimama.

"Binti, unanikejeli?"

"Hapana, baba. Nisamehe." Kwa miezi saba, akifukuza ndege kwenye mtama, alikuwa akisikiliza Kiingereza kwenye simu, anaisimamisha, anarudia mpaka sauti zifanane. "Nimejifunza kwa simu. Ikisema, narudia. Haijawahi kuniuliza kitu."

Mama aliyeketi kando ya msaili akacheka puani. "Tumetangaza nafasi ya mwongoza wageni, tumeletewa kasuku."

"Wageni watakuuliza," msaili alisema. "Nauliza mara ya mwisho."

Akauliza. Maneno ya swali yakampanda Mwanaidi kooni kwa mazoea. Akabonyeza paja kwa nguvu, akafumba mdomo.

Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba bibi yake ndiye aliyemwonyesha michoro ile, na kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa bibi aliiitaje. Sentensi hiyo hakuisikia kwenye simu.

"Aliiitaje?" msaili akauliza kwa Kiingereza, na kalamu yake ikagusa karatasi.