Nafasi ya Nne

Nambari kwenye skrini ilikuwa nne, na nyumba ile ilikuwa na watu watatu.

Mke aliisoma tena. Mumewe alikuwa bafuni, anaimba vibaya kama kawaida yake, kompyuta kaiacha wazi mezani. Programu ilikuwa ya kufuli jipya la mlango, lile la kufunguka kwa alama ya kidole. Vekta, yaani orodha, ya watu wa nyumbani, kisha mzunguko wa kuijaza, mtu baada ya mtu. Mume, mke, mama wa mume. Nafasi ya nne ilikuwa na sifuri.

Mwingine angesema kakosea tu. Lakini kazi yao wote wawili ilikuwa kuandika programu, na hata kujuana kwao kulianza kwa ubishi wa namna ya kuijaza vekta. Mke alizoea kuanza na vekta tupu na kuirefusha kila mzunguko unapopita. "Wewe kila akija mgeni unahamisha nyumba nzima," mume alikuwa akimtania, maana kompyuta hunakili kila kitu upya ili kupata nafasi moja zaidi. "Hesabu watu kwanza, watengee nafasi, ndipo ujaze." Mtu huyo hatengi nafasi asiyojua ni ya nani.

Basi yupo mtu. Mwanamke? Mtoto wa nje? Siri ya namna hiyo alijua inavyotunzwa: simu za kunong'ona, safari zisizoelezwa. Na mumewe juzi alishinda safarini, akarudi kimya, kesho yake akanunua kitanda kidogo. Cha wageni, ati!

Alimpigia mama yake. "Mama, huyu mwanamume ananificha kitu."

"Tulia, mwanangu. Usije ukasema neno la kujutia."

"Nipe basi mdogo wangu nimsalimie." Huyo alikuwa kitindamimba wao, aliyezaliwa mwaka ule mke alipokatiza masomo. Sauti yake tu ilitosha kumtuliza.

"Hayupo. Katoka."

Mume akaja na taulo shingoni.

"Nafasi ya nne ni ya nani?"

"Ah, umeiona." Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Yuko njiani."

"Miaka yote hii unanificha mtoto?"

"Mimi?" alisema mume.

Kengele ikalia. Mke aliuvuta mlango kwa hasira, tayari kwa lolote. Nje alisimama mdogo wake, begi mgongoni, macho chini.

Mke alipumua, nusura acheke. "Kumbe ni shemeji yako! Si ungesema?"

Mume alimshika binti mkono, akakiweka kidole chake kwenye kufuli taratibu mpaka likalia. Sifuri ikatoweka kwenye skrini.

"Bibi yake, yaani mama yako, amenieleza yote," akamwambia mkewe. "Humu ndani hatakuita dada tena."