Kichina cha Jumamosi

Bi Kheiria alifeli Kichina kwa mara ya tatu, na alipoyaona matokeo kwenye kompyuta alimshukuru Mungu.

Noof, jirani aliyemfundisha kuitumia kompyuta hiyo, hakuelewa. Somo lenyewe lilikuwa la lugha na jamii ya China, la chuo kimoja kaskazini ya Uingereza, likisomeshwa mtandaoni kila Jumamosi, saa nane mchana kwa saa za Maskati. Mjane wa miaka sitini na minane, anayekaa peke yake nyuma ya magereji ya mtaa wa Ghala, alikuwa na haja gani nalo?

Mwisho Noof alijijibu mwenyewe. Yaqdhan, mtoto pekee wa Bi Kheiria, alipelekwa China kusoma uhandisi, akayaacha masomo na akaoa huko huko bila ya kumuuliza mtu. Aliporudi kuomba radhi, baba yake, Hamood, alimwambia asikanyage tena mlango ule. Bi Kheiria alikuwa amesimama hapo hapo. Hakusema neno. Tangu siku ile ilikuwa imepita miaka kumi na moja.

"Unataka siku moja uweze kuzungumza na mkweo," Noof alimwambia. "Basi mbona maswali unayaacha wazi, na majibu unayajua?"

Bi Kheiria alimmiminia kahawa, akamuuliza habari za watoto.

Darasani alijiandikisha kwa jina la Bakhita, siku ile ile aliposikia tangazo la chuo lililosomwa na mwalimu mwenyewe. Kamera hakuifungua hata siku moja. Maikrofoni alisema imeharibika, na akiulizwa alijibu kwa kuandika. Wenzake walikuwa Waingereza, wengi wao wazee waliostaafu. Mwalimu wao, wa darasa hilo la mwanzo tu, walimwita Mwalimu An, na yeye pia hakuonekana. Kwenye skrini palikuwa na kurasa za kitabu, na sauti yake juu ya kurasa hizo. Bi Kheiria alifumba macho akasikiliza. Mwalimu alipokohoa, kalamu ya Bi Kheiria ilisimama mpaka kikohozi kitulie.

Jumamosi moja walisoma namna Wachina wanavyorudi kwa wazee wao mwaka wao mpya unapoingia, hata ikiwa ni safari ya siku mbili kwa treni. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mwalimu naye hurudi kwao. Mwalimu akawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Muhula wa nne ulipokaribia kwisha, chuo kiliwaandikia kuwa idara inafungwa, wanafunzi hawatoshi. Hakutakuwa na muhula mwengine. Mtihani wa mwisho ungekuwa wa kusema, mmoja mmoja na mwalimu wake.

Noof aliona hapo ndipo Bi Kheiria atakapoacha. Badala yake, siku ya mtihani alimkuta amekaa mbele ya kompyuta tangu adhuhuri, amevaa nguo yake ya Idi. Bi Kheiria alimwomba amfungulie maikrofoni, kisha amwache peke yake.

Zamu yake ilipofika, mwalimu alimsalimu kwa Kichina, akasema amefurahi kwamba leo atamsikia. Akamuuliza anakaa mji gani.

Bi Kheiria aliisogelea maikrofoni.

"Nnakaa Maskati," akasema kwa Kichina.

Mwalimu alipouliza swali la pili, sauti yake ilikuwa imeshuka, na Kichina chake kilikuwa cha polepole kama cha mwanafunzi.

"Unakaa na nani?"

"Nnakaa peke yangu," alijibu, hakukosea hata neno.

Kisha mwalimu akauliza tena, na safari hii hakuuliza kwa Kichina wala kwa Kiingereza.

"Mama, baba kafa lini?"