Mashimo Saba ya Bi Ngiri

Wanyama walipokuwa na Baraza la kutunga sheria, Bi Ngiri alifika mbele yake na wanawe watatu kuomba shimo la kuishi, kwani lake lilibomolewa na mvua. Mwenyekiti alikuwa Kobe, aliyezaliwa na nyumba mgongoni, naye hakumwamini yeyote asiye nayo.

"Mbona umenenepa?" akamwuliza. "Wasio na makao hawawi hivyo."

Akamwagiza Nguchiro, mpelelezi wa Baraza, amfuate Bi Ngiri siku saba.

Nguchiro akarudi na taarifa. "Mheshimiwa, huyu ana mashimo saba. Kila asubuhi nilimwona akitoka katika shimo jingine."

"Nilijua," akasema Kobe. "Bibi, una la kusema?"

"Sina, Mheshimiwa. Yachukueni yote saba, mnipe moja tu."

Wajumbe wakaona hiyo ni faida, wakamtuma Nguchiro akayapokee. Kwenye shimo la kwanza alilakiwa na mwenyewe, Nungunungu. Akarudi mbio, miiba imemjaa puani, akakataa kwenda kwenye la pili.

"Hivyo ndivyo ninavyoamshwa kila siku," akasema Bi Ngiri, "nami huwa na watoto."

Kobe akarudisha kichwa ndani ya nyumba yake, na wajumbe wakapiga kura bila yeye.