Kengele ya Saa Nne

Tawi la Kicukiro lilikuwa limefungiwa nje ya mtandao tangu asubuhi, na sasa Évode, fundi wa mtandao wa makao makuu, aliliona kosa. Kichujio cha mtandao wao kiliizuia kompyuta inayopiga hodi kwa pupa, yaani inayoomba kuunganishwa mara nyingi mno, sawa, lakini kilihesabu hata zile hodi kilizozikataa. Kompyuta ikishafungiwa, kila ikijaribu tena inajiongezea kifungo.

"Maskini," alisema. Akarekebisha mstari mmoja, akabonyeza.

Simu ikaita. "Évode! Huku Kicukiro imerudi. Asante, murakoze cyane!"

Kabla hajajibu, spika ya ukutani ilikwaruza, kisha ikalia kengele.

Ofisi nzima iligeukia ukutani.

Ilikuwa kengele ya chai. Mzee aliyemfundisha Évode kazi, Mtanzania wa Tanga, aliitega kwenye kompyuta yake iwaite watu kupitia spika ile kila siku saa nne, maana alichukia kuona mtu anakunywa chai peke yake mbele ya skrini. Kilipowekwa kichujio, kikaifungia na kompyuta hiyo, kengele ikanyamaza, na kila mtu akahamia na kikombe mezani kwake. Mzee akaugua, wakamzika. Chini ya meza yake kompyuta ilibaki inawaka, na kumbe miezi yote hiyo ilikuwa bado inapiga hodi.

"Iko nini hiyo?" aliuliza dada wa mapokezi, mgeni kazini, mkono tayari kwenye swichi ya spika. "Nizime?"

Évode alikuwa ameshafungua droo. Akatoa kikombe cha bati cha mzee, kilichobanduka rangi mdomoni, akakipuliza vumbi.

"Acha, dada. Tumechelewa."