Kisigino cha Kulia

Msumari aliuchagua kwa makini, kama kijana anayechagua pete ya uchumba. Usiwe mrefu ukachoma kabla kiatu hakijatoka kibandani, wala usiwe mfupi ukafia ndani ya ngozi. Uwe na adabu kwanza, halafu uchomoze.

Fundi viatu akaugongomea ndani ya kisigino cha kulia, akaufunika kwa ngozi ya ndani, kisha akapiga mshono kwa nje, uzi mwekundu. Viatu vyenyewe vya kahawia, laini kama shavu la mtoto mchanga. Vya Mkurugenzi wa hospitali kuu. Huyo Mkurugenzi fundi hajawahi kumtia machoni. Wakubwa hawaji kwa fundi, hutuma viatu.

"Uzi mwekundu, mzee?" akashangaa dereva aliyekuja kuvichukua. "Kwenye kiatu cha kahawia?"

"Wa kahawia umekwisha. Mwambie bosi wako umekwisha kama dizeli ya jenereta lake. Ataelewa."

Dereva hakucheka. "Nipe upesi, ana mahali pa kwenda," akasema, akavikwapua na kuondoka.

Fundi akabaki anapiga mluzi. Tangu umeme ulipokatika wodini, ile mashine ya kumsaidia mkewe kupumua ikanyamaza, jenereta likakohoa mara moja na kufa kwa kiu, hakuwa amepiga mluzi hata siku moja. Dizeli hakuna, lakini rangi mpya ukutani ipo! Ndivyo walivyo hao: mgonjwa anakata roho, wao wanapaka ukuta. Haya, leo mmoja wao ataonja. Si sana. Kisiginoni tu.

Alasiri akafunga kibanda, akaenda darasani. Binti yake ndiye aliyemsukuma huko: "Baba, nenda. Ni bure, na masikio yangu nayo yapumzike." Mwalimu alikuwa mtawa wa Kibudha, mama mfupi mwenye kipara kinachong'aa, na darasa lake la kutuliza moyo lilikuwa ukumbini, juu ya duka la magodoro. Kanuni yake moja: mlangoni unavua viatu, jina na cheo. Ndani kila mtu ni miguu mitupu, au soksi iliyotoboka. Fundi iliwahi kumpa taabu hiyo kanuni. Yeye watu huwajua kwa visigino, nyuso hakuzizoea.

Alichelewa, kama kawaida yake, akazitupa kandambili kwenye lundo la viatu bila kuangalia, akaingia. Mgane mwenzake, kama kawaida yake, alikuwa ameshaketi, na mkeka wa pili ameutandika kando. Huyo ndiye aliyemfanya fundi arudi kila Jumamosi. Mtu mwembamba, mpole, naye alifiwa na mke katika hospitali ileile, siku ileile ya giza. Mtu kama huyo humwelezi. Mnakaa tu, mnanyamaza pamoja.

"Leo unang'aa," mgane akanong'ona. "Umeokota nini?"

"Nimefanya kakazi kadogo, nitakusimulia. Ila yule Mkurugenzi, ndugu yangu, Mungu na am..."

"Mlaani tu, usimwonee haya. Mimi humlaani kila asubuhi nikinyoa ndevu."

Wakachekea viganjani kama watoto wa shule.

Mtawa akagonga kengele. "Kuzeeka ni mateso," akasema. "Kuugua ni mateso. Kutengana na umpendaye ni mateso. Hayamruki mtu haya."

"Yanawaruka wakubwa!" fundi akaropoka.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtawa naye akacheka mpaka kipara kikatikisika. "Mzee wangu, hebu kunja ngumi. Kaza. Kaza zaidi. Nani anaumia?"

"Mimi."

"Na huyo mkubwa, anaumia?"

"Bado," akajibu fundi.

Wakacheka tena, hata mama mmoja wa nyuma akakaribia kuanguka. "Maumivu ni mgeni, mzee wangu," mtawa akasema akijifuta machozi. "Anapiga hodi kwa kila mtu. Lakini kitanda tunamtandikia wenyewe, kisha tunamshika shati asiondoke."

Mgane hakucheka. Alikuwa amekunja ngumi yake mwenyewe mapajani, anaitazama, na machozi yanaidondokea.

"Nilimwambia lala, mke wangu," akasema polepole. "Nilimwambia hapa huwezi kukosa kitu."

Fundi akaifungua ngumi yake, akamshika bega. Wazee wawili wazima, wameshikana kama watoto waliopotea sokoni. Hapo ndipo ule msumari ulipompitia kichwani, ukamchoma kidogo. Akaufukuza. Aa! Mkubwa ni mkubwa tu. Ana nini cha kulilia?

Siku nyingine zote fundi huwa wa kwanza kutoka, kiti chake kibandani kinamwita, na mgane hubaki nyuma akikunja mikeka. Leo hakuwa na moyo wa kumwacha peke yake. Wakaikunja pamoja, wakataniana nani ana mgongo mbovu zaidi, wakaiegemeza ukutani. Walipofika mlangoni wenzao wote walikuwa wameshashuka. Pale chini zilibaki jozi mbili tu: kandambili za fundi, na viatu vya kahawia, laini, vyenye mshono mwekundu kisiginoni.

Mgane akaketi kwenye ngazi, akaunyoosha mguu wa kulia.

Fundi akamtangulia. Akapiga magoti, kiatu akakidaka kwa mkono mmoja, na wa pili tayari unapapasa mfukoni kutafuta koleo.

"Kiache kwanza, ndugu yangu," akasema. "Kuna kazi sijaimaliza."