Chini ya Utepe

Baada ya chakula Mzee Safieli, mzee wa kanisa, alimsogezea mkewe, Tabea, Biblia. Miaka yote ya ndoa yao yeye ndiye aliyesoma nyumbani. Sasa macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, na Tabea ndiyo kwanza amemaliza darasa la kusoma la watu wazima.

"Soma pale penye utepe, Mama Yunisi."

Tabea alikuwa amelima tangu alfajiri, kisha akateka maji, kisha akapika. Mgongo ulimwaka moto. Pale penye utepe, wake waliambiwa wawatii waume zao; alipajua kwa masikio tangu akiwa bibi arusi. Hata hivyo aliweka kidole chini ya kila neno, akasoma polepole.

"Amina," mzee akasema. "Funga, tuombe."

Kidole kilikuwa kimeshashuka.

"Baba Yunisi, kumbe panaendelea."

"Tuombe, mama. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo." Akasoma, akikwama na kurudia, jinsi waume nao walivyoagizwa kuwapenda wake zao kama miili yao wenyewe. Sauti yake haikupanda. "Hapa hujawahi kunisomea."

Mkono wa mzee ulikuja ukipapasa mezani, ukapita kikombe, ukapita sahani ambazo hazijaondolewa. Tabea hakujua kama unatafuta kitabu ukifunge, au unatafuta vidole vyake. Akaviacha palepale, juu ya mstari.